Bluu ya Kwenye Kioo

Jumatatu, 1 Machi 1999
Hili kauntabuku jalada lake limebandikwa kichwa chini, halinunuliki, kwa hiyo limekuwa langu. Bosi Laurent kasema niandike humo vipimo vya rangi. Rangi haina vipimo, ina jicho. Nitaandika watu.

Mimi Kija. Niliishia darasa la nne maana ng'ombe wa kaka walihitaji mtu wa kuwachunga, na mtu mwenyewe nikawa mimi. Sasa nina miaka ishirini na tatu, nachanganya rangi kwenye duka la Bosi hapa Kilosa, jirani na stesheni. Naandika vibao vya maduka, nachapa fulana kwa fremu. Siongei sana. Watu wanadhani basi na kuona sioni.

Leo imeshuka kompyuta kutoka Dar. Bosi kaifunika shuka la kitanda ili isipate vumbi. Mvua inanyesha tangu alfajiri, hilo vumbi sijui litatoka wapi.

Jumatano, 3 Machi
Mtaalamu kafika. Anaitwa Cleopa. Kasoma kompyuta miezi mitatu, na cheti chake kiko kwenye fremu kubwa kuliko begi lake la nguo. Kakitundika ukutani kabla hajasalimia.

"We unafanya nini hapa?"

"Nachanganya rangi."

"Kwa mkono?" Akamgeukia Bosi. "Siku hizi mashine ndo inachanganya. Rangi milioni kumi na sita. Zako ngapi, Msukuma?"

"Saba."

"Saba! Bosi, huyu ana rangi saba!"

Bosi akacheka mpaka akashika meza. Bosi hucheka chochote kinachomchekesha mtu mwenye cheti.

Ijumaa, 5 Machi
Umeme hakuna. Mtaalamu kakaa mbele ya kioo cheusi tangu asubuhi, shati jeupe, miguu juu ya boksi la karatasi. Mimi nimemaliza vibao viwili.

Jumanne, 9 Machi
Leo imekuja kazi ya maana. Kaileta Bibi Mifugo kutoka Mikumi, anaitwa Odilia, mama mmoja wa makamo mwenye mabuti ya mpira. Kajifuta tope mlangoni, jambo ambalo hapa halifanywi na mtu.

Kuna mradi wa mbung'o. Wanatoka porini upande wa hifadhi, wanashuka mpaka vijiji vya Tindiga na Ulaya, wanauma ng'ombe, ng'ombe wanakonda na kufa. Dawa yake ni kitambaa cha bluu. Unakichovya dawa, unakitundika kwenye miti miwili karibu na maji, mbung'o anakifuata, akitua anakufa. Mradi utatoa dawa bure, kitambaa kila mfugaji anunue mwenyewe. Anataka vipeperushi elfu mbili, na chini ya kila kipeperushi kiboksi cha rangi yenyewe, maana wafugaji wengi hawasomi. Wataenda nacho dukani walinganishe.

Akatoa kipande cha kitambaa kwenye pochi. "Bluu hii hii, vijana. Mbung'o haendi kwenye bluu yoyote tu. Ikiegemea kwenye zambarau, ni kama umetundika pazia la sebuleni."

Najua. Nilipokuwa nachunga nilikuwa na dumu la maji la bluu kama hiyo. Mbung'o waliliganda dumu, mimi wakaniacha. Nilitaka kumwambia, angefurahi. Nikaangalia mabuti yake mpaka akaondoka.

Ijumaa, 12 Machi
Kitambaa cha Bibi Mifugo mtaalamu anakifutia kioo. Nimesubiri aende chooni nikakichukua, nikakiweka humu katikati ya kauntabuku.

Nimesimama nyuma yake kutwa nzima nikijifanya naosha fremu. Sijui Kiingereza, lakini najua mkono wa mtu anayebahatisha. Kachagua bluu moja kali, inawaka kama taa ya gari la polisi. Kila akiichagua, pembeni kunatokea kipembetatu kidogo chenye alama ya mshangao.

Bosi akauliza, "Hicho kidude nini?"

"Hicho? Mashine inaisifia rangi."

Inaisifia! Na Bosi akatikisa kichwa kama aliyefundishwa jambo.

Halafu Cleopa akamweleza. Kuna RGB, nyekundu, kijani na bluu, hizo za mwanga, ndo zinazokaa ndani ya kioo. Na kuna CMYK, samawati, pinki, njano na nyeusi, hizo za wino wa kiwandani. Kazi ikienda kuchapwa inabidi uigeuze kutoka huko uilete huku. Hapo nikamsikiliza kweli, kwa mara ya kwanza, maana alikuwa anasema kitu chenye akili. Akabonyeza, akageuza. Ile bluu ikalala. Ikawa kama taa ambayo betri inaisha.

"Aa, inafubaa," akasema, akairudisha kama ilivyokuwa. "Iende na RGB yake. Mashine ya Morogoro itageuza yenyewe."

Yaani kitu pekee alichofundishwa kwa miezi mitatu, kakijua, kakisema kwa mdomo wake, halafu kakiacha kwa sababu hakimpendezi.

Jumanne, 16 Machi
Kachapa mfano kwenye printa yetu ndogo. Zambarau. Si bluu inayofanana na zambarau, ni zambarau ya bilinganya.

"Printa hii choka mbaya," akasema. "Angalia kioo. Kioo kinadanganya?"

Mimi nikaona mara moja. Wino hauna taa ndani yake. Ukitaka bluu unaweka samawati na pinki kidogo, na mashine imeweka pinki mpaka ikafurika. Hata mtoto anayechezea makopo ya rangi angeona. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: pinki imezidi.

"Ime..." nikasema.

"Nini?"

"Hamna."

"Basi kachukue chai."

Nikachukua chai.

Alhamisi, 18 Machi
Hii naiandika polepole.

Mchana Bosi kaenda benki, Cleopa kaenda kula kwa Mama Magreti, na huko akienda anakaa saa mbili akimweleza muuza ugali habari za Dar. Nikabaki peke yangu. Nikakaa kwenye kiti. Nimeangalia mikono ya yule mtu siku kumi na tano, najua anabonyeza wapi.

Nikageuza kwenda CMYK. Bluu ikalala, na kile kipembetatu kikapotea, nikaiacha ilale. Nikafungua pale penye namba nne za wino. Pinki ilikuwa themanini na kitu. Nikaishusha, sabini, sitini. Nikafika hamsini nikachapa. Nikatoa kitambaa kwenye kauntabuku, nikatoka nacho nje pamoja na karatasi, mvua ilikuwa imekata. Nikaviweka pamoja kwenye mwanga wa jua. Sawa. Haikuwaka kama ya kwenye kioo, ila ilikuwa bluu ya kile kitambaa, bluu ya lile dumu langu.

Nikacheka peke yangu pale barazani. Cheti ukutani, na kazi imemalizwa na mtu wa darasa la nne kabla ugali haujaiva.

Halafu nikarudi ndani kufunga. Mashine ikauliza swali kwa Kiingereza, vibonyezo viwili. Nilijua inauliza nini, nimemwona Cleopa akijibu kila siku. Inauliza nihifadhi au nisihifadhi.

Nikafikiria Bosi atakavyosema, "Cleopa, umeirekebisha, hongera." Nikafikiria vipeperushi elfu mbili vya zambarau vikishuka kutoka Morogoro na yule mtu akisimama mbele ya Bibi Mifugo na shati lake jeupe, hana pa kuangalia.

Nikabonyeza hapana. Ule mfano mzuri nimeuchoma jikoni.

Ijumaa, 19 Machi
Disketi imeenda Morogoro.

Jumatano, 24 Machi
Mvua. Nimeandika kibao cha kinyozi. Anataka kichwa chenye nywele kila upande.

Ijumaa, 2 Aprili
Ijumaa Kuu. Duka limefungwa. Cleopa kaenda kanisani na fremu mpya ya miwani. Macho yake ni mazima.

Jumatano, 7 Aprili
Maboksi yamefika. Nilikaa tayari kufurahi.

Cleopa akafungua moja, akatoa kipeperushi, akakishika chini ya taa. Zambarau. Zaidi hata ya mfano wetu. Akakigeuza nyuma, akakigeuza tena mbele.

"Bosi, si bluu hii?"

Bosi akavaa miwani. "Bluu."

Kulikuwa na mwalimu amekuja kununua chaki. "Mwalimu, hii rangi gani?"

"Bluu," akasema mwalimu. Mwalimu!

Watu watatu wenye macho sita. Mtu akishamwambia jibu mwenzake kabla ya swali, mwenzake anaona jibu. Nimeishi na ng'ombe miaka tisa, sijawahi kuona ng'ombe akiambiwa majani mabichi ni makavu akakubali.

Nikajisemea haina shida, Bibi Mifugo hatakubali. Aumbuke kwa Bibi Mifugo.

Ijumaa, 9 Aprili
Nimepeleka maboksi Mikumi juu ya lori la mbao. Pale kijijini Ulaya tulikwama kwa saa tatu, tumesukuma mpaka suruali ikawa ya udongo.

Odilia hayupo. Kaenda kozi Arusha mpaka mwezi wa tano. Kuna karani, kijana mnene, kasaini bila kufungua boksi hata moja.

"Hufungui uone?" nikamuuliza. Kwangu hiyo ni hotuba.

"Nione nini? Karatasi ni karatasi."

Kesho kutwa vinagawiwa mnadani. Nikasimama pale mlangoni. Akasema, "Unasubiri nauli?" Nikaondoka.

Jumapili, 18 Aprili
Kaja kaka Budeba.

Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka ishirini. Ni mtu anayeijua tarehe aliyozaliwa kila ndama wake na hajui mwaka nilioacha shule. Tangu nimehamia mjini kaja mara mbili, mara zote kununua chumvi. Mambo haya nilishayaandika kichwani zamani, na leo nilikuwa tayari kuyaongezea.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hujambo? Umekonda. Mjini hawana maziwa?"

Akatoa kipeperushi kwenye mfuko wa shati, kimekunjwa mara nne, kimefungwa kwenye nailoni kisilowe. Halafu akatoa kwenye gunia kitambaa. Mita nane. Zambarau.

"Niliona jina la duka lenu hapa chini, nikasomewa. Nikawaambia watu wa Tindiga, hii kazi ya mdogo wangu, huyo rangi anazijua tangu anachunga, alikuwa akiniambia ng'ombe huyu mwekundu si sawa na yule mwekundu. Tumenunua wote. Hata Sapit kanunua, na unamjua Sapit, Mmasai yule hanunui kitu asichokula." Akacheka. "Tena muuza duka alitaka kunidanganya. Kanitolea nyingine ya bluu inang'aa, ati ndo hii. Nikamwekea karatasi mezani. Nikamwambia wee, hujui nimetumwa na nani."

Nilisema, "Kaka, hiyo..."

Cleopa akaingia. "Mzee, shikamoo! Umeiona kazi yetu?" Kaka akampa mikono yote miwili akamshukuru. Akamshukuru!

Nikamsindikiza mpaka pale njia inapokata kwenda Tindiga. Njia nzima neno lilikuwa mdomoni, ila yeye aliongea bila kupumzika, na kwenye kila sentensi kulikuwa na "mdogo wangu." Sikuwahi kumsikia akilitumia hivyo. Nilipofungua mdomo nikasema, "Msalimie shemeji."

Mkishasoma habari za Cleopa na Bosi na karani mkacheka, someni na hiyo.

Jumapili, 25 Aprili
Mvua.

Ijumaa, 30 Aprili
Mvua. Sijalala vizuri. Chakula cha Mama Magreti hakina chumvi au mdomo wangu ndo hauna.

Jumanne, 4 Mei
Asubuhi kaingia Sapit. Kasimama mlangoni na fimbo, hakutaka kukaa. Cleopa akamkaribisha kwa sauti ile ya wateja. Sapit akampita kama kiti.

"Kija. Ng'ombe wa kaka yako wanatoa machozi. Nywele zimesimama. Wanne wamelala, hawaamki. Yule mwekundu mwenye baka begani kafa jana."

Yule mwekundu mwenye baka begani nilimpokea mimi akizaliwa, nikiwa na miaka kumi na moja, kwenye mvua kama hii.

"Na kitambaa?" nikasema.

"Kitambaa kipo. Mbung'o wanapita juu yake kama hawakioni. Mimi changu nimemfunikia ndama asilowe na mvua." Akaangalia cheti ukutani, halafu akaniangalia mimi. "Kaka yako hataki kukitoa. Anasema kimetoka kwako, kitafanya kazi, tumpe muda."

Akaondoka.

Nikafungua kauntabuku nikatoa kile kipande. Nikachukua kipeperushi. Nikamwambia Bosi, "Njoo nje."

Sijawahi kumwambia Bosi njoo. Nadhani alikuja kwa mshangao. Nikaviweka pamoja kwenye mwanga, mkononi mwake.

"Hii ni bluu. Hii ni zambarau. Pinki imezidi. Hamkuigeuza kutoka RGB, Morogoro mashine ikageuza yenyewe vibaya."

Bosi akaangalia muda mrefu. Akavua miwani akavaa tena. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Umemwambia mtu?"

Hilo ndo swali lake. Siyo ng'ombe wangapi.

Cleopa alikuwa nyuma yetu. "Hilo kosa la Morogoro. Mimi kwenye kioo changu ni bluu, njooni muone, mpaka sasa hivi ni bluu!" Na kweli akakimbia kuwasha mashine atuonyeshe. Nilimwona kupitia dirishani akisubiri iwake, anabonyeza kitufe kilekile tena na tena. Siku zote hizi nimesubiri kumwona hivyo. Nikatafuta ile furaha niliyoiwekea akiba. Haikuwepo. Yeye hakujua. Kati ya watu wote wa duka hili aliyejua ni mmoja.

Nikaenda stendi kutafuta lori.

Alhamisi, 6 Mei
Mikumi nilifika jana jioni, nusu ya njia kwa miguu. Odilia karudi kutoka Arusha Jumatatu. Nilimkuta ofisini, maboksi matupu yamepangwa kwenye kona. Nikamwekea mezani kipeperushi na kitambaa chake. Hakuhitaji maelezo. Akakaa.

"Vimegawiwa vyote?"

"Ndiyo mama."

"Mungu wangu. Na nilimwachia yule..." Hakumalizia. "Hakuna hata mtu mmoja aliyeona kabla?"

"Mimi niliona."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Ukamwambia nani?"

Nikaangalia mabuti yake. Yalikuwa masafi.

"Wee kijana. Nakuuliza. Ukamwambia nani?"

"Kauntabuku."

Hakucheka na mimi sikuwa nachekesha. Halafu akasimama, akafungua stoo, akatoa jora zima la kitambaa cha bluu akaliangusha mezani.

"Kuchapa upya ni mpaka mwezi wa tisa. Ng'ombe hawasubiri. Utafanya nini?"

Nikamwomba mkasi.

Jumamosi, 8 Mei
Tumekata vipande vidogo kama kisanduku cha kiberiti, siku mbili, mimi na Odilia na yule karani mnene, ambaye kumbe ana mkono mzuri wa mkasi. Kila kipeperushi tutakachokiona, gundi, kipande cha kitambaa chenyewe juu ya kile kiboksi. Kazi ambayo tungeweza kuifanya tangu Machi bila kompyuta, bila disketi, bila Morogoro. Bosi kanunua rangi milioni kumi na sita, na moja iliyotakiwa ilikuwa imelala kwenye pochi ya mama mmoja.

Jumatano, 12 Mei
Mnada. Odilia akaniambia, "Sema wewe." Nikasema siwezi. Akasema, "Ulinyamaza wewe, utasema wewe," akanisukuma mgongoni.

Nikapanda juu ya boksi. Nikasema kwa Kiswahili halafu kwa Kisukuma: rangi ya karatasi ni mbaya, tulikosea sisi wa duka, na mimi niliiona nikanyamaza. Leteni karatasi zenu tuzibandike kitambaa cha kweli.

Mzee mmoja akauliza, "Uliiona ukanyamaza kwa nini? Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Basi ni mjinga."

"Ndiyo baba."

Akaniletea karatasi yake nimbandikie.

Jumatatu, 24 Mei
Cleopa kaondoka. Kafungua darasa la kompyuta Morogoro, kachukua cheti, kaacha alama nyeupe ya mraba ukutani. Bosi kasema nikae mimi kwenye kiti. Kipembetatu kikitokea, nasimama, natoka nje na karatasi, naangalia kwenye jua. Bosi anasema nachelewesha kazi.

Jumamosi, 12 Juni
Mvua imekwisha. Nimeenda Tindiga na mita nane za bluu nilizonunua mwenyewe.

Kaka hakuitika haraka shikamoo yangu. Ameshasikia ya mnadani. Ng'ombe walikuwa thelathini na mmoja, wamebaki ishirini na wawili. Walio hai wamechomwa sindano na Odilia, wameanza kula. Tukaenda mtoni tukatundika kitambaa, yeye huku, mimi huku. Mbung'o wa kwanza alikuja kabla sijakaza kamba. Halafu wawili. Halafu sikuhesabu.

"Uliiona kabla sijaja dukani?" akauliza, anaangalia kitambaa.

"Ndiyo kaka."

"Siku ile uliponisindikiza, ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

Akafunga fundo lake, akalifungua, akalifunga tena. "Nilikutoa shule ili uwachunge hawa," akasema. "Nilijua ulikasirika. Nilikuwa nasubiri uniambie." Akaokota fimbo. "Miaka yote hiyo nasubiri, Kija. Wewe husemi."

Akatangulia.

Nyumbani kile cha zambarau shemeji kashakikata. Kamshonea mtoto wao mdogo, Jackline, gauni lenye marinda, na kitambaa kimebaki cha kumshonea jingine mwakani. Mtoto alikuwa anakimbia katikati ya ng'ombe, mchana kweupe, saa ya mbung'o kabisa. Nimekaa juu ya dumu nikamwangalia mpaka jua likashuka. Juu yake hakutua mbung'o hata mmoja.